Takwimu za Taka za Mashamba, Mialo na Misitu Zinapokataa Kulingana: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Anayekagua takwimu za taka za kilimo, uvuvi na misitu haletewi tatizo likiwa na jina lake. Huletewa jedwali. Safu zimejaa, jumla imepigwa chini, mhuri upo, na bado kuna tarakimu moja ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya korona, yaani mashine ya kusaga majani ya mkonge, au mwaloni samaki wakishushwa alfajiri anajua kwamba haiwezi kuwa kweli. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwenye tarakimu inayoshangaza, kisha unarudi nyuma hadi mahali ilipoharibikia. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini makosa yenyewe hayana uraia.

Kwa uzoefu wangu, mizani mbovu ni ya mwisho kulaumiwa. Mara nyingi mizani ilisema kweli, na kilichokosekana ni maelezo ya kitu kilichokuwa juu yake: kama kilikuwa kibichi au kikavu, kama kilipimwa kabla ya kuchambuliwa au baada yake, na ni nani aliyekwisha kukihesabu kabla. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza upimaji urudiwe, tafuta fomu za awali, zile zilizojazwa kwa kalamu palepale kazini, wala usitegemee nakala iliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, kwa kuwa vidokezo vingi vya thamani, kama vile "ilinyesha" au "mizani ya jirani", huandikwa pembeni mwa karatasi na huachwa hukohuko.

Taka ni nzito kuliko malighafi iliyozizaa

Dalili hii hujitokeza sana kwenye viwanda vya mkonge vya Mkoa wa Tanga. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zinazopatikana ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, kwa hiyo wingi wa taka peke yake haupaswi kumshtua mtu. Kinachoshtua ni fomu inayosema kwamba tani 10 za majani zimetoa tani 0.4 za singa kavu na tani 40 za taka.

Mdodosaji aliyeandika hivyo hakudanganya. Korona husaga jani huku maji yakimiminwa kwa wingi ili kusafisha singa na kuondoa utomvu, na kinachotoka kwenye mfereji ni uji wa nyama ya jani uliochanganyika na maji ya bomba. Alipima kilichopita mferejini, akakiita taka za jani. Ili kujua kiasi kinachotokana na jani lenyewe, chukua sampuli ya uji huo baada ya kuukoroga vizuri, kwa sababu chembe nzito hutuama chini na anayechota juu juu hupata maji matupu. Ikaushe kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 105 mpaka uzito wake uache kubadilika. Tuseme gramu 1,000 za uji zimebaki gramu 30. Basi tani 40 za uji zina tani 1.2 tu za vitu vikavu, na zilizosalia zote ni maji, mengine ya jani na mengine ya mtambo.

Tarakimu zote mbili zina kazi yake na hakuna sababu ya kuifuta mojawapo. Anayechimba bwawa la maji machafu anahitaji kujua zile tani 40. Anayelisha mtambo wa biogesi, kama ule uliojengwa Hale wilayani Korogwe kutumia mabaki ya mkonge, anahitaji zile tani 1.2, kwa sababu bakteria hawali maji. Kosa ni kuziweka kwenye safu moja. Vivyo hivyo kwa kahawa inayomenywa kwa maji, na kwa matumbo ya samaki yanayopimwa pamoja na barafu iliyoyeyuka.

Dagaa wanapungua kwa asilimia 70, na hakuna aliyewaona wakimwagwa

Mwaloni zimepimwa kilo 100 za dagaa wabichi wa Ziwa Victoria. Siku mbili baadaye zimefungwa kilo 28 za dagaa wakavu. Ofisini mtu ametoa hesabu ya pili kwenye ya kwanza, akaandika kwamba upotevu baada ya kuvua ni asilimia 72, na tarakimu hiyo imeanza safari yake ya kwenda kwenye taarifa ya mwaka.

Maji huchukua karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi. Katika kilo 100 mna kilo 25 za mwili mkavu. Dagaa aliyekauka vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 12 hivi, maana yake zile kilo 25 sasa ni asilimia 88 ya uzito mpya. Gawanya 25 kwa 0.88, upate kilo 28.4. Huo ndio uzito uliotarajiwa endapo hakuna hata dagaa mmoja aliyepotea. Umepatikana 28, kwa hiyo hasara halisi ni gramu 400, yaani asilimia 1.4, na yote mengine yamekwenda na jua. Kanuni hii inafaa kukaririwa, kwa kuwa hutumika kwa mahindi, majani ya mifugo na vumbi la mbao vilevile: zidisha uzito wa mwanzo kwa mia ukitoa unyevu wa mwanzo, kisha gawanya kwa mia ukitoa unyevu wa mwisho. Tofauti kati ya jibu hilo na uzito ulioupata ndiyo upotevu.

Hata hivyo, asilimia 1.4 nayo isikufurahishe haraka. Uliza walianikwa wapi. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga, na gunia lenye kilo 2 za mchanga huficha kilo 2 za dagaa walioliwa na ndege au kusombwa na mvua. Chukua kilo moja kutoka kwenye gunia, iloweke, ichekeche, kausha mchanga uliobaki chini ya ndoo na uupime. Ni kazi ya nusu saa, ukiacha muda wa kukauka, na nimewahi kuiona ikibadilisha jedwali la msimu mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, takwimu za dagaa wa kwenye vichanja zisichanganywe wala zisipigiwe wastani pamoja na za waliotandazwa chini.

Msimu wa mvua huleta utata mwingine: dagaa wanaanza kuoza, mwenye mali anawauza kama chakula cha kuku, na mizani inaonyesha kwamba hakuna kilichopotea. Uzito upo wote ila thamani imeanguka. Hili ni la safu ya hasara ya ubora, na kama fomu haina safu hiyo, iongezwe, kwa sababu wauzaji wa dagaa pale Kirumba mjini Mwanza watakueleza kwamba hasara wanayoijua wao ni hiyo.

Ndugu wa dalili hii yuko misituni. Fomu ya vumbi la mbao inaonyesha unyevu wa asilimia 120, na mkaguzi aliyetoka upande wa kilimo anacheka, anafuta tarakimu ya kwanza, anaacha 20. Kuna jedwali moja ambalo msitari wake wa vumbi la mbao ulipotoshwa namna hiyo mbele ya macho yangu, nami sikujua la kusema. Watu wa misitu hugawanya uzito wa maji kwa uzito wa mbao kavu, na mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji mengi kuliko mbao yake. Watu wa kilimo hugawanya uzito wa maji kwa uzito wote, mbichi. Asilimia 120 ya wa kwanza ni sawa na 54.5 ya wa pili: 120 gawanya kwa 220. Hakuna aliyekosea, lakini kanuni ya dagaa niliyoieleza hapo juu inakubali hesabu ya namna ya pili tu, na ukiingiza 120 ndani yake utapata uzito ulio chini ya sifuri.

Ofisi mbili zinataja tani zile zile kwa majina tofauti

Kama ningelazimika kubaki na dalili moja tu, ningebaki na hii, kwa kuwa haitibiwi na mizani yoyote.

Chukua samaki mmoja wa sangara kwenye kiwanda cha minofu kando ya Ziwa Victoria. Minofu inayotoka ni chini ya nusu ya uzito wake. Vilivyobaki ni kichwa na mifupa ya mgongo, yaani mapanki, pamoja na ngozi, matumbo, mafuta na bondo, yaani mfuko wa hewa wa samaki. Fomu ya mazingira ya kiwanda huviita vyote mabaki, kwa sababu kiwanda kilianzishwa kwa ajili ya minofu. Lakini mapanki hupakiwa kwenye gari, hukaangwa na kuuzwa mitaani kama chakula cha watu, kwa hiyo fomu ya biashara ya samaki huyaandika kama bidhaa. Bondo nalo husafirishwa nje ya nchi kwa bei inayoipita mbali bei ya minofu kwa kila kilo, na bado nimelikuta limeandikwa chini ya kichwa cha "taka ngumu". Baada ya mapanki kuliwa, mifupa hutupwa jalalani na kuhesabiwa mara ya tatu na watu wa halmashauri. Tani moja ya samaki imekuwa bidhaa mara moja na taka mara mbili, na jumla ya mkoa imevimba bila samaki kuongezeka.

Rekebisho ni kuacha kuuliza kama kitu ni taka, na kuuliza kilikwenda wapi. Kila kinachotoka kwenye kazi na ambacho si lengo kuu la kazi hiyo kiandikwe mara moja tu, pale kilipotokea, kisha kigawanywe kwa kufuata mwisho wake: kililiwa na watu, kililiwa na mifugo, kilirudi shambani, kilichomwa kwa ajili ya nishati, kilichomwa ili kiondoke tu, kilitupwa majini, kilitupwa jalalani. Kisha kila ofisi ijumlishe mistari inayoihusu na kuiita jina inalolitaka. Mabua ya mahindi ambayo ng'ombe huachiwa shambani baada ya mavuno yako kwenye mstari wa mifugo. Mabua ya shamba la jirani yaliyotiwa moto ili kusafisha shamba yako kwenye mstari mwingine kabisa, ingawa yalipandwa wiki moja na kwa mbegu moja.

Kutozingatia jambo hili ndiko kunakoharibu ulinganisho na nchi nyingine. Umoja wa Ulaya hukusanya takwimu za taka za kilimo, misitu na uvuvi kila baada ya miaka miwili kwa kanuni ya mwaka 2002, lakini agizo lake la taka la mwaka 2008 linaiacha nje samadi, mabua makavu ya nafaka na mabaki mengine ya asili yasiyo ya hatari, mradi yametumika kwenye kilimo, kwenye misitu au kuzalisha nishati. Ukiweka jedwali hilo kando ya jedwali la wilaya iliyohesabu kila bua na kila kinyesi cha ng'ombe, wilaya itaonekana chafu kupita kiasi bila kuwa na kosa.

Hata takwimu mashuhuri za chakula kinachopotea duniani zina mtego huo. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilichapisha makadirio ya theluthi moja, tani bilioni 1.3 hivi kwa mwaka, yakianzia shambani hadi kwenye sahani ya mlaji, kwa uzito. Mwaka 2019 shirika hilo hilo likataja asilimia 14. Wapo walioandika kwamba dunia imepunguza upotevu kwa zaidi ya nusu katika miaka 8. Ukweli ni kwamba tarakimu ya pili inaanza baada ya mavuno, inaishia kabla ya duka la rejareja, na inapima thamani ya fedha.

Mwaka wa ukame taka zinatoweka kwenye jedwali, mabua yangali shambani

Kwa kuwa hakuna anayeweza kupima mabua ya mkoa mzima, ofisi hutumia uwiano: mavuno ya punje yanazidishwa kwa namba fulani ili kupata mabaki. Kwa mahindi, majedwali mengi hutumia 2.0 kwa mabua na 0.27 kwa magunzi. Shamba lililotoa tani 3 kwa hekta linaandikiwa tani 6 za mabua. Mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele, mavuno yakashuka hadi nusu tani, jedwali litaandika tani 1 ya mabua, ilhali mahindi yalikwisha kurefuka na kusimama, yamekosa punje tu. Kosa la upande wa pili lipo pia: mbegu za kisasa zilizo fupi na zenye kubeba punje nyingi huwa na mabua machache kwa kila kilo ya punje, na namba ya 2.0 huzizidishia.

Hapa hakuna njia ya mkato. Katika kila aina ya shamba, pima vipande vichache vya meta 5 kwa 5, ukivichagua kwa bahati nasibu, wala usiruhusu mwenye shamba akupeleke kwenye kona nzuri. Kata mabua kwa urefu wa kukata unaotumika kijijini, yapime yote, chukua sampuli ya kukausha. Kilo 10 kavu kwenye kipande kama hicho ni tani 4 kwa hekta. Namba hizo zitakupa uwiano wako wa mwaka huo na wa mahali hapo, na mwaka wa ukame upimwe upya.

Mpunga una nafuu kidogo, kwa sababu ganda huzunguka kila punje na uzito wake haubadiliki sana, karibu sehemu moja ya tano ya mpunga. Tatizo lake ni la lugha. "Pumba" kwa fundi mmoja ni unga laini unaotoka baada ya kukobolewa, na kwa mwingine ni maganda na unga pamoja, hasa kwenye mashine za zamani ambazo husaga vyote kwa mkupuo na kuvitoa kwenye bomba moja. Mwombe akuonyeshe rundo analolisema.

Kinu cha mbao kinachoonekana hodari mno

Wilayani Mufindi, kandokando ya shamba la miti la Sao Hill, kuna mashine ndogo za kupasulia mbao ambazo kila mtu huziita dingdong. Sifa yao ya kula gogo bila huruma inajulikana. Inapotokea fomu inayoonyesha kwamba dingdong inapata mbao sawa na kinu kikubwa cha msumeno wa utepe, kuna jambo.

Anza na vipimo vya mbao. Mbao inayouzwa kwa jina la mbili kwa nne, yaani inchi 2 kwa 4, yenye urefu wa futi 12, ikihesabiwa kwa jina lake ina meta za ujazo 0.0189. Chukua rula uipime. Mara nyingi utakuta kitu kama milimita 45 kwa 90, urefu wa meta 3.6, ambayo ni meta za ujazo 0.0146. Tuseme gogo lenye meta ya ujazo moja limetoa mbao 20 za aina hiyo. Kwa hesabu ya jina, mbao ni asilimia 38 na taka ni 62. Kwa hesabu ya rula, mbao ni asilimia 29 na taka ni 71. Tofauti ya asilimia 9 imefichwa ndani ya jina la mbao, na ikizidishwa kwa magogo ya mwaka mzima ni mlima wa vumbi ambao kila mtu anauona ila jedwali.

Kisha ulizia gogo lilipimwaje. Likipimwa kipenyo pamoja na gome, gome limo ndani ya malighafi na litaonekana kama taka ya kinu hata pale ambapo limebanduliwa msituni. Likipimwa kwenye ncha nyembamba pekee, malighafi imepunjwa, na kinu kinasifiwa kwa mbao ambazo hazikuandikwa kuingia. Kipenyo cha katikati ya urefu ndicho chenye haki zaidi kwa pande zote.

Wengine hujaribu kuhakikisha hesabu kwa kupima ujazo wa kila kinachotoka, na wanapata meta za ujazo mbili kutoka kwenye gogo la meta moja. Vumbi la mbao limejaa hewa, na ujazo wake ni mara kadhaa ya ujazo wa mbao iliyosagwa. Rundo la magogo yaliyopangwa vizuri lina mbao theluthi mbili hivi, na mabanzi yaliyotupwa hovyo yana hewa zaidi. Acha ujazo kabisa kwenye ukaguzi wa namna hii. Pima kwa kilo, geuza kuwa uzito mkavu, ndipo ujumlishe mbao, mabanzi, vumbi na magome. Jumla ikitofautiana na gogo kwa asilimia chache, endelea na kazi. Ikitofautiana sana, tafuta aliyebeba mabanzi kwenda kupikia kabla hujafika, na hutamkosa.

Matawi, vilele na visiki havifiki kinuni hata siku moja. Mwenye kutaka taka za misitu kwa maana pana lazima aende alikoangushwa mti. Mwenye kutaka taka za kinu aseme hivyo kwenye kichwa cha jedwali.

Ghala linadaiwa kupoteza asilimia 20, magunia hayaonyeshi hivyo

Mara nyingi asilimia 20 ni idadi ya punje zilizotobolewa. Dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 au muda mfupi baadaye, anapotoboa punje haiondoi yote. Hesabu punje 500. Tuseme 400 ni nzima na zina gramu 140, na 100 zimetobolewa na zina gramu 28. Punje nzima ina wastani wa gramu 0.35, iliyotobolewa 0.28, kwa hiyo kila iliyotobolewa imepoteza sehemu moja ya tano. Moja ya tano ya punje zimepoteza moja ya tano ya uzito wake: asilimia 4. Njia hii hukosea kwa upande wa kupunguza pale dumuzi wanapokuwa wengi, kwa sababu punje zilizokwisha kuwa vumbi hazihesabiki tena, hivyo gunia lichekechwe na vumbi lake lipimwe peke yake. Kumbuka pia kwamba masika hurudisha unyevu ndani ya nafaka, na gunia linaweza kubaki na uzito ule ule huku wadudu wakiendelea na kazi.

Baada ya hapo, angalia lini sampuli ilichukuliwa. Kaya iliyovuna magunia 10 na kubakiwa na mawili mwezi wa sita baada ya mavuno haijapoteza asilimia 20 ya magunia 10 kwa sababu ya hali ya hayo mawili. Yaliyoliwa mapema yaliliwa yakiwa mazima. Vilevile, asilimia za hatua mbalimbali hazijumlishwi. Asilimia 5 wakati wa kuvuna, 4 wakati wa kukausha na 6 ghalani ni 14.3, si 15, kwa kuwa kila hatua hula kilichoachwa na iliyotangulia.

Kila tarakimu inaishia kwa sifuri

Hayo ni makadirio ya macho, au ni magunia yaliyozidishwa kwa 100. Gunia la Kenya kwa mahindi ni kilo 90, la Tanzania hutajwa kuwa 100, na lumbesa, ingawa imepigwa marufuku na Sheria ya Vipimo, bado ina kilemba chake juu ya mdomo wa gunia. Debe, tenga, kisado na "tripu ya Canter" ni vipimo halali vya kuanzia mradi umepima 10 vya kila kimoja mahali hapo, kwa kitu hicho hicho, na ukaandika wastani. Debe la magunzi na debe la mahindi havina undugu.

Sifuri ambayo haikupimwa

Safu ya samaki waliotupwa baharini huwa na sifuri karibu kila mara, kwa sababu mdodosaji husimama nchi kavu. FAO lilikadiria mwaka 2019 kwamba kati ya 2010 na 2014 samaki waliorudishwa majini na meli na mashua duniani walikuwa tani milioni 9.1 kwa mwaka, karibu asilimia 10.8 ya waliovuliwa, na takwimu za kawaida za samaki walioshushwa haziwagusi. Kama huwezi kupandisha mtu chomboni, andika "haikupimwa". Sifuri iachwe kwa aliyeangalia akakosa.

Nyavu chakavu nazo hupotea hivyo hivyo, kisha siku ya usafi wa mwalo zinapimwa zikiwa zimelowa na zimejaa tope, zikaandikwa kuwa ongezeko la ghafla. Zikung'utwe na zianikwe siku moja kwanza.

Safu inayoumiza zaidi ni ya vifungashio vya viuatilifu. Chupa 200 tupu za gramu 50 ni kilo 10, na kilo 10 zikiingizwa kwenye jumla moja na tani za mabua hazionekani hata kwenye desimali ya kwanza. Ziwe na jedwali lake. Andika idadi kwanza, halafu uzito, ukipata uzito huo kwa kupima chupa 20 za kila ujazo baada ya kuoshwa mara tatu, na maji ya kuoshea yakiwa yamerudishwa kwenye bomba la kupulizia. Ambazo hazikuoshwa ziandikwe mstari wa pili, kwa kuwa zina sumu ndani yake na zitahitaji kupelekwa mahali pengine, na ambazo zimekutwa zikitumika kubebea maji ya kunywa au mafuta ya taa ziandikwe mstari wa tatu, pamoja na jina la kijiji.